Taimauti ya Elasticsearch: iwasheni, ila msiiamini kichwa kichwa

Nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nimeinyima makusudi.

Tuna duka la mtandaoni la vipuri vya magari, utafutaji wake unaendeshwa na Elasticsearch (programu ya kutafuta ndani ya data), klasta ndogo tu ya nodi 3, yaani seva 3 zinazofanya kazi pamoja, na mambo yalikuwa yanaenda fresh mpaka siku jamaa mmoja wa ofisini (simtaji, anajijua) alipotafuta namba ya kipuri kwa kuweka nyota mbele na nyuma, *45*, yaani chochote chenye 45 ndani yake, tena kwenye indeksi (mafungu ya data) za miaka yote. CPU zikapanda zikagoma kushuka, wateja wanatafuta breki pedi wanaona duara linazunguka tu, na yeye akiona kimya anabonyeza tena, anabonyeza tena, zile za mwanzo bado zinakimbia huko nyuma.

Ndo nikaenda kusoma. Kumbe search.default_search_timeout, ile taimauti (kikomo cha muda wa kutafuta) ya klasta nzima, inakuja na -1 toka kiwandani, yaani hakuna kikomo, kweri (ombi la kutafuta) ikitaka kukesha inakesha. Nikaweka "10s" kupitia _cluster/settings upande wa persistent (mpangilio unaodumu), kazi ya dakika moja, hakuna kuzima wala kuwasha nodi. Hapo nawapa maksi zote. Na ile ripoti ya usiku inayochukua muda nikaiwekea timeout yake ndani ya kweri yenyewe, hiyo ndo inashinda ya klasta.

Sasa nyota niliyonyima. Muda ukiisha huoni kosa lolote, unarudishiwa 200 (msimbo wa "mambo safi") kama kawaida na matokeo nusu nusu, dalili pekee ni "timed_out": true ndani ya jibu, na nani anaangaliaga hapo? Sisi hatukuangalia. Siku mbili nzima mtu wa kaunta anawaambia wateja plagi hakuna, na stoo zimejaa! Ikabidi search.default_allow_partial_results tuiweke false, yaani tukatae matokeo nusu, bora kosa lije tujue moja. Halafu muda wenyewe unahesabiwa kwa kila shadi (kipande cha indeksi), na kweri inakatwa pale tu inapofika sehemu ya kujikagua, kwahiyo usishangae ikipitiliza kidogo. Wenzao wa OpenSearch, waliojitenga na Elasticsearch 2021, wameongeza search.cancel_after_time_interval inayofuta kweri nzima muda ukipita, ila nayo inakuja -1, lazima uiwashe mwenyewe.

Yule jamaa wa nyota bado tunaye. Siku hizi anakatwa sekunde ya 10 halafu anakuja mezani kwangu kusema mfumo mbovu.