Pupusa za Langley Park: mgahawa wenye menyu mbili

Kwa miaka sita sasa nimekuwa mteja wa mgahawa mdogo wa Wasalvador, yaani watu wa El Salvador huko Amerika ya Kati, ulioko Langley Park, Maryland, hatua chache kutoka makutano ya University Boulevard na New Hampshire Avenue, na ninaandika tathmini hii kwa Waswahili wenzangu wa eneo la Washington ambao huniuliza mara kwa mara ni wapi panapopatikana mlo wa kushiba kwa bei isiyoumiza. Jina la mgahawa sitalitaja, kwa kuwa nina malalamiko mawili ya kueleza na sipendi yawafuate watu ambao kwa mengine yote wamenitendea wema. Hata hivyo, atakayefika eneo hilo hatapata shida, maana pupusería, yaani nyumba za kuuzia pupusa, ile mikate ya duara ya unga wa mahindi iliyojazwa jibini, maharage au nyama, zipo kila upande, na mengi nitakayoyasema yanazihusu karibu zote.

Maegesho ni taabu. Ujenzi wa reli ya Purple Line, itakayounganisha Bethesda na New Carrollton kwa umbali wa takriban kilomita 26, umeichimbua University Boulevard kwa miaka mingi, na wenye maduka wamelalamika hadi wamechoka. Ukiweza, panda basi.

Menyu ina sura mbili, na ndiyo iliyonifanya nianze kuutazama mgahawa huu kwa jicho la mtu aliyesoma antropolojia kidogo chuoni, ingawa kilichonipeleka pale ni tumbo. Upande wa mbele umejaa picha za rangi za taco, burrito, nacho na fajita. Upande wa nyuma hauna picha hata moja: ni orodha ya maandishi madogo ya Kihispania, na humo ndimo zilimo pupusa, supu ya miguu ya ng'ombe, mihogo ya kukaanga, uji mtamu wa mahindi mabichi na ndizi mbivu zinazoliwa kwa maharage na malai. Vyakula vya mbele si vya El Salvador. Fajita ni mlo wa Texas, na burrito ni wa kaskazini mwa Meksiko. Nilipomuuliza mwenye mgahawa sababu ya mpangilio huo, alinijibu bila kuona haya kwamba Mmarekani akiingia na asikute taco hudhani amepotea njia.

Jibu hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, milioni 62.1 nchini Marekani, na karibu asilimia 60 kati yao wana asili ya Meksiko, kwa hiyo neno Latino likitajwa mbele ya mteja wa kawaida, picha inayomjia ni ya Mmeksiko. Msalvador anayetaka kuuza chakula hulazimika kwanza kuvaa joho la jirani yake, kisha, mteja akishakaa, ndipo amfunulie ukurasa wa nyuma. Mwanaantropolojia wa Norway Fredrik Barth alitoa hoja mwaka 1969 kwamba kabila hudumishwa pale kwenye mpaka kati ya watu na watu, wala si kwa shehena ya mila iliyofungiwa ndani; nami naona menyu hii ni mpaka wa namna hiyo, uliochapishwa na kufunikwa kwa plastiki. Hata neno lenyewe la Latino liliingizwa katika swali la sensa mwaka 2000 tu, na lile la Hispanic lilianza kuulizwa kwa kila kaya mwaka 1980. Hakuna aliyetoka kijijini kwao akijiita hivyo. Sisi nasi tunalijua jambo hili: mtu hupanda ndege akiwa Mdigo, Mchaga au Mluo, akishuka uwanja wa ndege wa Dulles anaambiwa kuwa yeye ni Mwafrika, na baada ya mwaka mmoja anaanza kujibu kwa jina hilo mwenyewe.

Sasa nije kwenye chakula. Jumapili moja nilimpeleka mama mdogo, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Jiko lipo wazi nyuma ya kaunta, na hapo husimama bibi mmoja wa makamo ya juu ambaye wateja wote, hata wenye mvi, humwita "niña" na kulifuatisha jina lake. Neno hilo kwa Kihispania cha kawaida ni msichana, ila huko El Salvador ndiyo heshima ya mwanamke mtu mzima, kama sisi tunavyosema Bi. Bibi huyo huchovya vidole katika bakuli la maji na mafuta, humega donge la unga wa mahindi lenye ukubwa wa limau kubwa, hulitoboa kwa kidole gumba hadi liwe kikombe, hutia jibini na maharage yaliyopondwa, hufumba, kisha hulipigapiga kati ya viganja viwili huku akilizungusha, pah-pah-pah, mpaka linalala juu ya tawa likiwa duara lisilo na ufa.

"Mwanangu," mama mdogo akaniambia, "huyu mama ana mkono. Lakini nguruwe hamna humo?"

"Ipo yenye nguruwe, mama mdogo, ila tutaagiza isiyo nayo."

Hapa Waislamu wasome kwa makini. Pupusa inayoitwa revuelta ina chicharrón, ambayo kwa Wasalvador ni nyama ya nguruwe iliyopikwa na kusagwa, na haionekani kirahisi kwa sababu imechanganywa na jibini. Maharage nayo katika baadhi ya migahawa hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe yanayoitwa manteca, kwa hiyo uliza. Katika mgahawa huu maharage hupikwa kwa mafuta ya mimea, lakini tawa ni moja kwa pupusa zote. Nilipomweleza mhudumu kwamba mama yangu ni Mwislamu, alimwita bibi, wakanong'ona, kisha bibi akainama chini ya kaunta, akatoa kikaango kidogo, akakisugua kwa sabuni mbele yetu na kukiweka kwenye jiko la pembeni. Tulisubiri dakika 40 nzima. Mama mdogo alikula tatu.

Alizozipenda zaidi ni zile za loroco, kichipukizi cha ua la mtambaazi linaloota Amerika ya Kati, chenye ladha iliyo karibu na mboga chungu iliyolainishwa na maziwa. Mimi bado napendelea za unga wa mchele, mtindo wa mji wa Olocuilta, kwa kuwa nje hukauka vizuri na ndani hubaki laini. Pupusa huliwa kwa mkono, na pembeni huja curtido, ambayo ni kabichi, karoti na vitunguu vilivyokatwa nyembamba na kulazwa katika siki na oregano, pamoja na mchuzi mwepesi wa nyanya. Curtido ya hapa huachwa ichachuke siku mbili tatu, nami sijapata iliyo bora zaidi Maryland nzima. Supu ya miguu ya ng'ombe hupikwa mwisho wa juma tu; anayependa supu ya makongoro atajiona yuko nyumbani, isipokuwa humu mna utumbo, mihogo na vipande vya mahindi. Kinywaji cha ukwaju ni kizuri. Horchata iagize ukijua kwamba si ile nyeupe ya mchele ya Wameksiko. Hii hutengenezwa kwa mbegu za mti wa morro zilizosagwa pamoja na viungo, ina rangi ya udongo, na ya hapa hutiwa sukari kupita kiasi.

Malalamiko yangu ni haya. Bakshishi ya asilimia 18 iliongezwa katika ankara yetu ya watu wawili bila kuelezwa popote, na nilipouliza, mhudumu aliyeniita "mi amor", yaani mpenzi wangu, tangu naingia alipoteza ghafla Kiingereza chote alichokuwa nacho. La pili ni taco zenyewe. Chapati zake ni za paketi, nyama ni kavu, na inaonekana wazi kwamba aliyezipika hazipendi. Usile ukurasa wa mbele.

Juu ya sanduku la fedha kuna picha ya Askofu Mkuu Óscar Romero, aliyeuawa kwa risasi akiwa katika misa tarehe 24 Machi 1980 na kutangazwa mtakatifu mwaka 2018. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata huko El Salvador viliua watu wapatao 75,000 hadi mkataba wa amani ulipotiwa saini Chapultepec, Meksiko, Januari 1992. Wengi hudhani kwamba vita ndivyo vilivyowaleta Wasalvador Washington, na kwa idadi kubwa ni kweli, lakini njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Watu wa mji mdogo wa Intipucá, mashariki mwa nchi hiyo, walianza kuja tangu miaka ya 1960, na miongoni mwa watangulizi kutoka Amerika ya Kati walikuwamo wanawake wengi walioletwa na wanadiplomasia na watumishi wa serikali kuwa yaya na wasaidizi wa nyumbani. Ndiyo maana sishangai kwamba nyumba hizi za pupusa zimesimama juu ya mikono ya wanawake.

Chini ya picha hiyo kuna dirisha la kutuma fedha nyumbani El Salvador, na foleni yake siku ya Ijumaa jioni ni ndefu kuliko ya chakula. Wengi katika foleni ile wameishi kwa hadhi ya ulinzi wa muda, yaani ruhusa ya kukaa na kufanya kazi Marekani, waliyopewa baada ya matetemeko mawili ya ardhi ya Januari na Februari 2001, hadhi ambayo serikali ilitangaza kuisitisha mwaka 2018 na mahakama ikazuia. Mtu ameoa, amezaa na amesomesha ndani ya huo "muda". Kwenye kioo kimebandikwa pia matangazo ya viajeros, wasafiri wa kazi wanaopeleka nguo, dawa na simu hadi mlangoni kwa mama wa mtu kijijini, na kurudi na jibini na loroco. Mhudumu huzungumza na wateja hawa kwa "vos", yaani wewe, kiwakilishi cha udugu kwao, na akija Mmeksiko hugeuza ulimi na kusema "tú". Nimemsikia akivuka mpaka huo mara kumi katika saa moja.

Kwa bei, pupusa moja ni dola 3 na senti 50, na mbili humtosha mtu mzima. Nenda kabla ya saa sita mchana siku ya Jumapili, kabla watu hawajatoka kanisani. Ukibeba nyumbani, zipashe moto kwenye tawa kavu, kamwe si kwenye maikrowevu, la sivyo utakula mpira.

Mama mdogo aliporudi Tanga alijaribu kuzipika kwa sembe, na kila donge lilipasuka mkononi. Nilimweleza kwa simu kwamba mahindi ya pupusa huchemshwa kwanza katika maji ya chokaa, hulazwa, huoshwa, ndipo yakasagwa, na chokaa ndiyo inayoufanya unga ushikane. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama simjui mtu yeyote anayekuja Tanga mwezi huu mwenye nafasi ya paketi mbili kwenye begi lake.