Simfonia ya 6 ya Tchaikovsky: Mravinsky au Bernstein?

Anza na sehemu ya mwisho, maana hapo ndipo rekodi hizi mbili zinapoachana. Yevgeny Mravinsky, akiongoza okestra yake ya Leningrad mwaka 1960, anaimaliza kwa chini kidogo ya dakika 10. Leonard Bernstein, na New York Philharmonic mwaka 1986, anachukua dakika 17 hivi. Na noti ni zilezile!

Mwendo wa Bernstein una mvuto wake: fidla zinapumua kama mfiwa anayejizuia kulia. Lakini ukishafika katikati, mdundo umelegea, na msikilizaji anaanza kumfikiria kiongozi badala ya muziki. Mravinsky habembelezi mtu. Anasonga mbele tu, na huzuni inakuja bila kuitwa.

Kuna na hili. Mwanzoni mwa sehemu hiyo Tchaikovsky aliugawa wimbo noti kwa noti kati ya fidla za kwanza na za pili, hivyo hakuna kundi linaloupiga wote. Mravinsky aliyaketisha makundi hayo pande mbili za jukwaa. Vaa hedifoni usikie sauti zikipokezana kushoto na kulia. Fidla zote zikikaa upande mmoja, ufundi huo haujitokezi.

Kwa usafi wa sauti, Bernstein anashinda. Tarumbeta za Leningrad hukwaruza kidogo. Mimi nazipenda hivyohivyo. Anayeanza achukue Mravinsky, na Bernstein amwachie anayeijua tayari simfonia hii.