Nyaraka za Kilimani, Zanzibar: hazina iko kwenye hati za Kiarabu

Mwenye kutafiti historia ya mwambao na siku zake ni chache, aanzie Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani. Wengi hukimbilia mafaili ya Waingereza: yenye alama AA ya ubalozi wao, na AB ya sekretarieti ya serikali ya kikoloni. Ni mazuri na yana faharasa, lakini huko utamsikia mtawala zaidi kuliko mtawaliwa. Hazina hasa ni maandishi ya herufi za Kiarabu, ya Kiarabu chenyewe na ya Kiswahili. Miswada na vitabu vya Kiarabu vya hapa viliingizwa mwaka 2003 katika rejista ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia.

Chukua hati moja tu ya kuuziana shamba la mikarafuu. Mipaka hutajwa kwa majirani: kibla (kaskazini) kwa fulani, suheli (kusini) kwa fulani, matlai (mashariki) na magharibi vivyo hivyo. Kwa karatasi moja umepata muuzaji, mnunuzi na wenye ardhi wanne wa jirani. Ukipanga hati kumi za mtaa mmoja, ramani ya umiliki inaanza kujichora yenyewe.

Wengi huteleza kwenye tarehe. Mwaka 1300 wa Hijria ulianza Novemba 1882 ukaisha mwanzoni mwa Novemba 1883. Anayeandika "1882" bila kutazama mwezi huenda amekosea mwaka mzima. Nakili tarehe kama ilivyo, kisha ndipo uigeuze.

Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu nacho kina mtego wake: herufi ba ya waandishi wa zamani husimama badala ya b, p na hata mb, kwa hiyo neno lile lile laweza kuwa kuba, kupa au kumba. Muktadha ndio utakaoamua. Na kwenye faharasa ya Kiingereza, tafuta jina kwa tahajia zote: Said, Sa'id, Saeed.

Shughulikia kibali cha utafiti kabla ya safari. Omba jalada kwa alama kamili, herufi na namba zote. Kumbukumbu za utawala wa Wajerumani bara usizifuate hapa, ziko Dar es Salaam. Andika kwa penseli, na jani lililoliwa na wino lipitishie karatasi safi chini kabla ya kuligeuza, maana huvunjika palepale penye maandishi.