Samaki wa mapambo kwa nyumba za baridi: yupi ununue Mbeya, Iringa na Njombe, na yupi umwache dukani

Muuzaji akikuambia "bosi, huyu hakui, anabaki saizi hii hii", rudisha pochi mfukoni. Samaki asiyekua hayupo. Yupo anayedumaa kwa sababu maji ni machache na machafu, na huyo hafiki mbali. Pleko mwenye urefu wa kidole, yule mweusi anayeganda kwenye kioo na kuuzwa kama msafishaji wa tangi, akipata nafasi anafika sentimita 40. Oska anafika 30, na anameza chochote kinachoenea mdomoni, wenzake wakiwemo.

Simwiti muuzaji tapeli. Wengi huku kwetu wanauza samaki pembeni ya kava za simu au vyakula vya kuku. Mzigo umetoka Dar kwa basi, kilomita 800 na ushee, wameupokea stendi ukiwa kwenye mifuko, na wanachojua ni kile walichoambiwa na aliyepakia. Aliyepakia anaishi Dar, ambako hata Julai maji ya ndoo ndani ya nyumba ni ya vuguvugu. Ushauri wake kwake ni sahihi, ukipanda mlima wa Kitonga unaharibika. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Iringa 1,600, Njombe inakaribia 2,000. Juni na Julai usiku wa Mbeya unashuka chini ya nyuzi 10, na tangi la sebuleni lisilo na hita linaweza kuamkia nyuzi 16.

Ndiyo maana orodha hii sijaipanga kwa uzuri wa samaki wala kwa bei. Samaki mwenyewe ndiye kitu cha bei chee kuliko vyote utakavyonunua. Nimeipanga kwa maswali mawili: atastahimili baridi ya nyumba yako, na akishakua atakuwa na ukubwa gani?

Tangi kwanza, samaki baadaye

Yale mabakuli ya mviringo achana nayo kabisa. Nenda kwa fundi wa alumini na vioo, mwambie akutengenezee la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, kioo cha milimita 6. Zidisha urefu, upana na kimo, gawa kwa 1,000: unapata lita 54. Maana yake ni kilo 54 za maji kabla ya kioo na mchanga, kwa hiyo ile meza ya TV yenye miguu myembamba haifai. Silikoni iwe ya kawaida, ile inayonuka kama siki wakati inakauka. Ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu inaua samaki, na fundi asipoambiwa atatumia iliyobaki kwenye kazi ya jana.

Sasa jambo ambalo muuzaji karibu kila mara halisemi. Samaki anatoa amonia, zaidi kupitia mashavu, na pia kwa mkojo na kinyesi. Amonia ni sumu. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa mpaka irundikane. Bakteria hao wanaishi kwenye sponji ya filta, kwenye mchanga na kwenye mawe. Tangi jipya hawamo. Kuwajenga kunachukua wiki nne hadi sita, na kwenye maji ya baridi kama yetu huenda polepole zaidi. Anayenunua tangi na samaki kumi siku moja, wakafa sita ndani ya wiki mbili, atasema samaki walikuwa wabovu. Mara nyingi walikuwa wazima. Walifungiwa ndani ya mkojo wao.

Njia ya mkato iliyo halali ni kuomba kipande cha sponji chafu kutoka kwenye filta ya mtu mwenye tangi zima, ukakiweka kwenye filta yako kikiwa bado kibichi. Usikioshe. Na hata baadaye usioshe filta kwa maji ya bomba, kwani klorini inaua bakteria wale wale uliowasubiri mwezi mzima. Ioshe kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Maji mapya ya bomba yakae kwenye ndoo wazi saa 24 kabla ya kuyatumia, na kila wiki ubadilishe robo tu, si yote. Hili la "safisha tangi lote, mwaga maji yote" ndilo linaloua samaki wa watu wasafi.

Wa kwanza: danio

Mwembamba, mistari ya bluu na fedha, sentimita nne au tano akishakua. Asili yake ni mito ya India, Nepal na Bangladesh, ambako maji hubadilika sana kwa msimu, na ndiyo maana nyuzi 18 hazimtishi. Kwenye chumba cha kawaida Mbeya au Iringa ataishi bila hita karibu mwaka mzima. Wiki zile za baridi kali mfunike tangi kwa blanketi usiku. Nunua sita au zaidi, kwa sababu akiwa peke yake au wawili wanafukuzana na kung'atana mapezi. Kifuniko ni lazima, huyu anaruka.

Shida yake ni kwamba hana rangi za kumvutia mtoto dukani, hivyo wauzaji hawamleti kwa wingi. Agiza. Ukimwambia muuzaji unataka kumi na unalipa nusu mapema, atakuja na basi lijalo. Akikuletea badala yake samaki mdogo mwenye mstari mwekundu mkiani, kutoka milima ya White Cloud kule China, mchukue bila kusita: huyo anapenda nyuzi 14 hadi 22, kana kwamba aliumbwa kwa ajili ya Makete.

Wa pili: plati na gapi

Plati kwanza, gapi baadaye. Wote wanazaa watoto hai, wote wana rangi, wote wanapatikana. Plati anavumilia nyuzi 18 vizuri. Gapi anapenda 22 na kuendelea, na zile gapi za mikia mirefu ya madoido ni dhaifu kuliko gapi wa kawaida. Ukiamua gapi, nunua na hita.

Jike wa gapi anazaa kila mwezi hivi, watoto ishirini, thelathini au zaidi, na anahifadhi mbegu za dume kwa miezi. Kwa hiyo "nimenunua majike tu, hawatazaa" haisaidii. Ukitaka kuepuka msongamano nunua madume matupu. Na kwa watu wa Tukuyu wanaokinga maji ya mvua: maji hayo hayana madini, na samaki hawa wanayahitaji. Yachanganye na ya bomba au ya kisima.

Wa tatu: samaki wa dhahabu, kwa masharti

Kwa baridi peke yake angekuwa wa kwanza. Nyuzi 12 si tatizo kwake. Kilichomshusha ni mwili. Yule mwembamba wa kawaida anafika sentimita 25 hadi 30, yule wa tumbo la mviringo anafika 15 au 20, na akitunzwa anaishi miaka kumi na zaidi. Anakula sana, anachafua sana. Lita 54 hazimtoshi hata mmoja. Mwenye kiwanja Njombe au Mafinga, akachimba bwawa dogo la kina cha mita moja na kulizungushia wavu dhidi ya mdiria na korongo, huyo ndiye samaki wake, tena yule mwembamba. Koi naye ni wa bwawa tu, bwawa kubwa.

Wakati wa baridi kali punguza chakula. Samaki hana joto lake mwenyewe. Maji yakipoa na tumbo linapoa, na pumba utakazorusha zitaozea chini.

Wa nne: beta

Ndiye anayeuzwa vibaya kuliko wote. Utamkuta kwenye chupa ya jemu, maji nusu lita, bila pampu, na muuzaji atakwambia kwa fahari, "Huyu dada hahitaji kitu, hata hewa hahitaji." Ni nusu ya ukweli. Beta ana kiungo juu ya mashavu kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji, kwa hiyo hafi haraka kwenye chupa. Lakini joto lake ni nyuzi 24 hadi 28, kwao Thailand. Mwangalie beta wa dukani Julai asubuhi: amelala ubavu chini ya chupa, mapezi ameyakunja kama mwavuli, rangi imefifia. Hajatulia huyo, amepoa mpaka hawezi kusogea.

Akipata lita 20, hita ndogo, na kifuniko ili hewa anayovuta isiwe ya baridi, ni samaki mzuri sana kwa mtu wa chumba kimoja. Dume mmoja tu, wawili watauana.

Hapa tuzungumze umeme. Hita ya wati 100 kwenye tangi la lita 54, ikiwaka nusu ya siku kwa jumla, inakula uniti 36 kwa mwezi. Kwa aliye kwenye lile kundi la matumizi madogo la uniti 75, hiyo ni karibu nusu ya mgawo wake. Piga hesabu hiyo kabla, si baada ya LUKU kuanza kulia. Tena maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo, na huku juu hewa ni nyepesi: kwa joto lile lile, maji ya Mbeya yanabeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko ya Dar. Kwa samaki wote ukimwacha beta, ukiweka hita weka na pampu ya hewa. Umeme ukikatika, funika tangi kwa blanketi na usiwape chakula. Kumimina maji ya moto ya birika ni kuwamaliza.

Wa tano: mbuna wa Ziwa Nyasa

Najua inashangaza. Ziwa liko hapo chini, Matema, na samaki hawa wa bluu na njano wanasifika dunia nzima. Lakini ziwa liko mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Ukimtoa mbuna Matema ukampandisha Uyole umemhamisha nchi: maji yake ni ya nyuzi 24 hadi 28, yenye madini na yenye kuelekea alkali. Anahitaji hita, lita 200, mapango ya mawe, na wenzake wa kutosha ili ugomvi usimwangukie mmoja. Mawe ya chokaa ya Songwe yanasaidia kuyapa maji madini. Dondoshea siki, likitoa povu ndilo lenyewe.

Jike asiyekula na mwenye kidevu kilichovimba si mgonjwa. Amebeba mayai mdomoni, na atakaa hivyo wiki tatu. Nimeona muuzaji akimtilia dawa.

Ukifika dukani

Uliza samaki wamefika lini, na ununue waliokaa angalau wiki moja. Aliyeshuka kwenye basi asubuhi bado hajajulikana kama ataishi. Angalia mapezi: yakunjuke. Angalia mwili: vidoa vyeupe kama chembe za chumvi ni ugonjwa unaopenda kuzuka baada ya samaki kupigwa na baridi, na unaambukiza tangi zima. Wakiwa wote wanahema juu ya maji, au kuna maiti ndani, ondoka, hata yule unayemtaka akionekana mzima. Hilo halibadiliki hata ukiwakuta Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, wamepangwa vizuri na watu wamejaa.

Nyumbani, acha mfuko uelee juu ya maji ya tangi dakika 20, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo ndani ya mfuko, kisha mtoe samaki kwa kijiwavu. Maji ya mfuko yamwage nje.

Aliyekwisha kununua oska au pleko amrudishe dukani au ampe mwenye tangi kubwa. Mtoni wala ziwani asimwachie. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za samaki wadogo wa humo hazijaonekana tena. Na Rungwe tuna Ziwa Masoko, kreta, yaani shimo la volkano, yenye upana usiofika kilomita moja, ambamo aina moja ya samaki inagawanyika kuwa mbili, wa njano ukingoni na wa bluu kilindini. Wanasayansi waliliandika hilo mwaka 2015. Jozi moja ya wageni inatosha kulivuruga.

Wasomaji wa Kyela na Ipinda, ninyi geuzeni orodha: mbuna juu, danio chini, hela ya hita itieni kwenye tangi kubwa. Ila kabla ya kumlipa kijana akuletee ndoo kutoka ziwani, muulize kama ana leseni. Kuvua samaki wa mapambo kwa biashara kunaihitaji.