Gitaa kavu ndani ya prosesa ya modelingi: uzoefu wangu

Nitoe hukumu kwanza, sababu zifuate. Prosesa ya modelingi, yaani mashine ya dijitali inayoigiza ampu, spika na efekti za gitaa, inaweza kutoa sauti nzuri sana ya gitaa kavu, nzuri kuliko ile inayotoka moja kwa moja kwenye jeki ya gitaa lenyewe. Ila huipati sauti hiyo ukiitumia mashine vile wanavyoitumia wapiga gitaa la umeme. Mashine hizi ziliundwa kwa ajili ya watu wa distosheni na spika za inchi 12, na ukipitia preseti (mipangilio ya sauti iliyohifadhiwa) za kiwandani utaliona hilo bila kuambiwa: roki, roki, metali, bluzi, kisha huko mwishoni vipreseti vichache vya akustika vilivyojazwa korasi na mwangwi, kana kwamba aliyevitengeneza alikuwa na haraka ya kurudi kwenye metali.

Chapa ya mashine yangu siitaji, kwa sababu ninayoyaeleza nimeyakuta pia kwenye mashine za wengine. Ni ya sakafuni, ina swichi za miguu, inapakia faili za IR (nitazieleza mbele) na ina ekwalaiza ya kutosha. Gitaa langu ni la kawaida: ubao wa mbele wa sprusi, nyuzi za fosfa-bronzi, na pikapu ya piezo iliyolala chini ya ule mfupa mweupe wa daraja. Hii pikapu ndiyo chanzo cha malalamiko yote, kwa hiyo nianzie hapo.

Piezo haisikii gitaa. Inasikia mgandamizo wa nyuzi juu ya mfupa. Ubao unaotikisika na hewa inayoingia na kutoka kwenye tundu, mambo ambayo sikio limezoea kuyaita sauti ya gitaa, inayapata kwa mbali tu. Inachokipata vizuri ni ule mshindo wa kwanza uzi unapopigwa, na huo inautoa ukiwa mkali, wenye ukakasi wa sauti ya bata kwenye masafa ya kilohezi 1.5 hadi 3 hivi. Ukicheza taratibu kwa vidole unaweza kuvumilia. Ukicharaza, bata anatoka bandani.

Cha kwanza kukagua kwenye mashine ni ingizo lake. Piezo isiyo na priampu (kikuza mawimbi kidogo) ndani ya gitaa inataka ingizo lenye ukinzani mkubwa, ilhali ingizo la kawaida la prosesa ni megaohmu 1, kipimo kinachofaa pikapu za sumaku. Hesabu yake si ngumu. Piezo yenye pikofaradi 500 ikikutana na megaohmu 1, besi inaanza kupungua chini ya hezi 318 hivi. Ikikutana na megaohmu 10, mpaka huo unashuka hadi hezi 32, chini kabisa ya uzi mnene wa E ambao uko hezi 82. Ndiyo maana mtu anachomeka piezo tupu kwenye prosesa, anasikia sauti nyembamba isiyo na kifua, kisha anapandisha besi kwenye ekwalaiza mpaka kila kitu kinavuma. Anayepiga piezo tupu atafute bafa ndogo (kifaa kinachopokea mawimbi hafifu bila kuyanyonya) yenye ingizo la megaohmu 10 aiweke kati ya gitaa na mashine.

Gitaa langu lina priampu yake ya betri, kwa hiyo shida yangu ilikuwa kinyume: mawimbi yanaingia na nguvu nyingi mno. Niliwasha padi ya ingizo, ile swichi ya kupunguza nguvu ya mawimbi, nikashusha volyumu ya gitaa mpaka nikicharaza kwa nguvu zangu zote taa nyekundu haiwaki. Kwenye ampu ya zamani ukizidisha kidogo sauti inanona. Kwenye ingizo la dijitali ukizidisha, sauti inakatwa juu kama kwa panga, na hakuna bloku yoyote (hatua ya kuchakata sauti ndani ya mashine) huko mbele itakayoirudisha.

Kisha nikaondoa ampu na kabineti zote kwenye preseti. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu mashine ina ampu kibao na mkono unawasha kuzigusa. Spika ya gitaa la umeme inaanza kukata sauti za juu kuanzia kama kilohezi 5, na gitaa kavu linaishi huko juu: mng'ao wa nyuzi mpya, mkwaruzo wa kucha na kidole kinachoteleza kwenye uzi. Ukilipitisha kwenye kabineti ya modelingi umelivika blanketi. Kwa sababu hiyohiyo, mashine usiichomeke kwenye ampu ya gitaa la umeme ukategemea miujiza. Ipeleke kwenye mikisa au spika yenye uwanda kamili, ile inayotoa besi na trebo zote bila kuzipaka rangi.

Ukishaondoa hayo yote, unabaki na bata wako, sasa akisikika vizuri zaidi. Hapa ndipo IR inapoingia, na kwangu hii ndiyo sababu ya kuwa na mashine yenyewe.

IR (kifupi cha Kiingereza cha impulse response) ni faili fupi ya sauti, kwa kawaida WAV, inayobeba mwitikio wa kitu fulani: ukumbi, kabineti, au katika habari yetu, mwili wa gitaa ulivyosikika kwenye maikrofoni. Mashine inapitisha sauti ya piezo ndani ya mwitikio huo, na kinachotoka kinakaribia kile ambacho maikrofoni ingesikia. Kuna IR nyingi za watu wengine, za bure na za kuuza. Nilizijaribu. Baadhi ni nzuri, lakini nyingi zilinipa gitaa la mtu mwingine lililokaa vibaya juu ya langu: sehemu fulani zinavimba, nyingine zinatoweka. Sababu iko wazi ukiifikiria. IR ya aina hii inasahihisha tofauti kati ya pikapu moja na maikrofoni moja. Pikapu yako si ile. Na ukiwa na pikapu ya sumaku ya kwenye tundu, IR iliyotengenezwa kwa piezo haikuhusu kabisa.

Kwa hiyo nikatengeneza yangu. Unahitaji kadi ya sauti yenye ingizo mbili, maikrofoni ya kondensa na chumba kisichorudisha mwangwi. Mapazia mazito na godoro lililosimamishwa ukutani vinasaidia sana. Maikrofoni niliiweka kama sentimita 30 kutoka kwenye gitaa, ikielekea pale shingo inapokutana na mwili, karibu na freti ya 12. Usiielekeze kwenye tundu, utavuna mvumo mtupu. Unarekodi piezo kwenye chaneli moja na maikrofoni kwenye nyingine, kwa wakati mmoja, ukipiga kila kitu unachojua: nyuzi moja moja, kodi nzima, juu ya shingo na chini yake, kwa ulaini na kwa nguvu. Kisha programu inalinganisha chaneli hizo na kukokotoa IR. Zipo za bure zinazofanya hivyo.

Kuna kitu kidogo hapa ambacho kinaharibu kazi nzima kimyakimya, nikieleze kwa kirefu. Sauti hutembea kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kuvuka sentimita 30 kufika kwenye maikrofoni inachukua milisekunde 0.87 hivi. Piezo haisubiri safari hiyo. Ukifungua rekodi kwenye kompyuta na kuikuza, utaona wimbi la piezo linaanza, kisha baada ya sampuli kama 42 (kwa kilohezi 48) ndipo la maikrofoni linanyanyuka. Ukimya huo mdogo ukibaki mwanzoni mwa IR, nawe ukaichanganya na piezo kavu, sauti mbili zinafika zikiwa zimepishana na kuanza kufutana. Shimo la kwanza linaangukia karibu na hezi 575, katikati ya gitaa. Sauti inakuwa ya kopo: ina besi, ina trebo, katikati hakuna mtu. Nikakata sampuli hizo mwanzoni mwa faili, na katikati ikajaa mara moja, bila kugusa ekwalaiza.

Urefu wa IR nao una maana kuliko watu wanavyodhani. Helix ya Line 6, kwa mfano, inakubali IR za sampuli 1024 au 2048. Kwa kilohezi 48, hiyo ya 1024 ni kama milisekunde 21, muda unaotosha mawimbi mawili tu ya hezi 100. Na hezi 100, kidogo juu au kidogo chini, ndipo hewa ya ndani ya gitaa kubwa hupumulia. Ile fupi inakupa mng'ao wa mbao lakini kifua kinakuwa cha mtoto. Ukiwa na nafasi, chagua ndefu, hata kama inakula nguvu ya prosesa na kukunyima bloku moja au mbili. Gitaa kavu halihitaji bloku nyingi hivyo.

Mchanganyiko wangu umetulia kwenye asilimia 65 ya IR, iliyobaki piezo. IR peke yake ni tamu kwenye hedifoni, lakini ndani ya bendi inazama. Piezo kidogo inarudisha ncha ya sauti, sikio likajua uzi umepigwa lini. Ukweli mmoja hauna dawa ya dijitali: IR haijui kama umepiga kwa nguvu. Ni mwitikio mmoja kwa kila hali. Ule mshindo mkali wa piezo unapocharaza kwa hasira utapita ndani ya IR na kutokea upande wa pili ukiwa na nguo nzuri tu. Mkono ndio unaourekebisha, na plektra laini zaidi.

Ekwalaiza niliyobaki nayo ni ndogo: kichujio cha kukata chini ya hezi 75, desibeli 2 chini kwenye kilohezi 2, basi. Komprisa, inayobana tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, iko kwa uwiano wa 2 kwa 1, inashusha desibeli 3 kwenye vilele, na mtu asiyeambiwa hajui kama ipo. Rivabu (mwangwi) ya chumba, kidogo. Korasi sijaiwasha na sina mpango.

Jambo jingine la kusikiliza ni ucheleweshaji. Prosesa ya kisasa hula milisekunde chache tu, sawa na kukaa mita moja hivi kutoka kwenye spika. Mpiga gitaa la umeme hauoni. Sisi wa gitaa kavu tunasikia mbao kifuani papo hapo na hedifoni baadaye kidogo, kwa hiyo ukivaa hedifoni zilizo wazi sauti inaweza kuonekana ina kivuli. Za kufunga masikio zinaondoa hilo karibu lote.

Jukwaani mambo yanageuka. Preseti iliyotengenezwa chumbani kwa sauti ya chini itakuwa na besi nyingi mno ukumbini, kwa sababu sikio husikia besi hafifu sauti ikiwa chini na kuisikia kamili ikipanda. Halafu kuna mluzi wa spika. IR nzuri inarudisha mitikisiko ya mwili wa gitaa, na mitikisiko hiyohiyo ndiyo spika inayopenda kuilisha tena kwenye ubao mpaka ukumbi uanze kunguruma. Kwa hiyo ninayo preseti ya pili ya jukwaa: IR imeshuka hadi asilimia 40, kichujio cha chini kimepanda hadi hezi 100, na kuna mkato mwembamba kwenye masafa ambayo gitaa langu hulia, ya chini kidogo ya hezi 200. Kifuniko cha mpira kwenye tundu kinasaidia kuliko bloku yoyote. Fundi mitambo namwomba aiache chaneli yangu ikiwa bapa kwanza, kwa maana wengi wakisikia "gitaa kavu" mkono unakwenda wenyewe kupandisha trebo.

Watu huuliza kama mashine hizi zinaweza kuligeuza gitaa la umeme kuwa kavu. Bloku za kuigiza akustika zipo. Nyuma ya mwimbaji, kwenye kibwagizo kimoja, hakuna atakayelalamika. Ukiachwa peke yako na gitaa, kila mtu atajua.

Kama unapiga gitaa kavu tu, nisingekushauri uanzie kwenye modelingi. Kuna vifaa vilivyotengenezwa kwa kazi hii hasa: Fishman Aura hutumia picha za sauti zilizorekodiwa kwa maikrofoni, na ToneDexter hujifunza gitaa lako ukiwa umechomeka maikrofoni yako kwa muda mfupi, bila kompyuta. Vinafanya jambo moja na vinalifanya haraka. Modelingi inamfaa anayebadilisha kati ya gitaa la umeme na kavu usiku mmoja, au anayependa kuchokonoa. Kabla ya kutoa pesa uliza mambo mawili ambayo tangazo halitayasema kwa sauti: mashine inapakia IR ya sampuli ngapi, na ingizo lake lina ukinzani gani. Muuzaji akikujibu kwa kukuonyesha idadi ya ampu zilizomo, fungua mwongozo wa mtumiaji ukasome mwenyewe ukurasa wa vipimo.