Kikwembe cha Mwenyeheri Floribert

Nimekinunua kitenge hiki chenye picha yake soko la Virunga, hapa Goma, yadi sita kwa dola 15. Pamba yake nzito, rangi ya buluu haijachuja. Nyekundu ya pindo imechuja kidogo, kwa hiyo tumia maji baridi. Shida iko kwa fundi: sura imechapwa kubwa, mwambie mapema asimweke Mwenyeheri pale tunapokalia. Jirani yangu alinyamaza, sasa haketi kanisani.

Mimi nauza mchele na maharagi, ndiyo maana kinanigusa. Floribert Bwana Chui alikuwa mkaguzi wa bidhaa hapa Goma. Alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisipite, wakamuua mwaka 2007 akiwa na miaka 26. Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenyeheri, hatua moja kabla ya mtakatifu, huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Lakini kitambaa chenyewe hakisemi lolote juu ya chakula hicho! Kimeandikwa AMANI tu, kwa herufi kubwa. Amani gani kama watoto wa maskini wanauziwa unga uliooza? Wateja wakiuliza kijana huyu ni nani, nawaeleza mwenyewe huku nikipima. Halafu kila mmoja anachungulia vizuri kopo langu.