Tangi sebuleni, sampu stoo: uzoefu wangu baada ya miezi 14

Tangi langu la samaki ni la lita 300 (sentimita 120 × 50 × 50, kioo cha milimita 10), limekaa sebuleni. Sampu, yaani tangi dogo la kuchujia ambalo maji hushukia kisha pampu huyarudisha juu, ni ya 90 × 40 × 40 na iko stoo, nyuma ya ukuta uo huo. Vioo na mabomba nilifanyiwa kwa oda na fundi mmoja wa hapa Nairobi. Kazi ya vioo naipa nyota 5: silikoni imenyooka, hakuna tone lililovuja. Mabomba naipa 2, kwa maana ilibidi yang'olewe na kufungwa upya.

Bomba la kuteremsha maji lilikuwa limelazwa bapa, tena katikati limeinuka kidogo kukwepa jiwe. Hewa ikajifungia kwenye kile kinundu, maji yakawa yanashuka kwa vishindo, na kiwango cha tangi kikawa kinapanda na kushuka sentimita mbili kila baada ya muda mfupi. Ugonjwa huo hautibiwi na valvu. Bomba literemke mfululizo, angalau sentimita 1 kwa kila mita, na likishaanza kushuka lisiinuke tena popote. Mahali pa elbo (kona ya bomba) ya nyuzi 90 weka mbili za nyuzi 45.

Sasa yapo mabomba mawili ya milimita 40. La kwanza hujaa maji matupu bila hewa na hudhibitiwa na geti valvu, ile inayofungwa polepole kwa kuzungusha mara nyingi; valvu ya robo mzunguko hairekebishiki kwa ustadi huo. La pili ni la dharura, mdomo wake uko juu kidogo na hupitisha mchirizi tu. Konokono akiziba la kwanza, la pili hubeba mzigo wote. Sebuleni sasa husikii kitu.

Ukuta wa mawe ya kujengea ya Ndarugo utobolewe kwa mashine ya kukata duara, si nyundo na patasi, la sivyo upande wa pili plasta huanguka kipande kizima. Pitisha kwanza bomba la milimita 50 ukutani, kisha la 40 ndani yake, ili mtetemo usiingie kwenye jiwe. Weka yunioni, yaani kiungo cha bomba kinachofunguka bila kukata, pande zote mbili.

Kuhusu pampu, usinunue kwa namba iliyo kwenye boksi. Nilitaka lita 1,200 kwa saa, yaani mara nne ya tangi. Maji yanapanda mita 1.6, na ukiongeza ukinzani wa kona hesabu ni karibu mita 1.8. Pampu iliyoandikwa lita 3,000 yenye kikomo cha kupandisha maji mita 3 hutoa takriban hizo 1,200 hapo.

Stima ikipotea ndipo sakafu hulowa. Tangi likishuka sentimita 3 hurudisha lita 18, na mabomba yana kama 5. Sampu yangu huenda na maji ya kimo cha sentimita 22, kwa hiyo ina nafasi ya lita 65: salama. Lakini fundi alizamisha mdomo wa bomba la kurudishia maji tangini sentimita 15 chini ya uso wa maji. Pampu ikizima, bomba hilo hunyonya kinyumenyume, na sentimita 15 ni lita 90! Toboa tundu la milimita 5 kwenye bomba hilo, sentimita 1 chini ya uso wa maji, liingize hewa. Lisugue kila wiki, mwani hulipenda. Valvu ya njia moja usiitegemee. Chembe ya mchanga inatosha kuizuia isifunge. Siku ya kwanza zima pampu makusudi, subiri maji yatulie, kisha chora mstari kwa kalamu pale yalipofika ndani ya sampu.

Jambo la Nairobi hasa ni hewa. Kwa urefu wetu kutoka usawa wa bahari, maji ya nyuzi 25 hushika oksijeni kama miligramu 6.7 kwa lita, wakati Mombasa ni 8.3. Kwa hiyo stima ikikatika muda mrefu, samaki na bakteria wa kwenye mawe ya chujio hukosa pumzi mapema. Nina pampu mbili za hewa za betri, moja tangini, moja kwenye sampu.

Stoo hupoa sana Julai. Hita mbili za wati 200 zimekaa chumba cha kati cha sampu, ambako kiwango hakibadiliki. Maji yanayokauka hupungua chumba cha pampu peke yake: changu ni 20 × 40, hivyo lita 2 zikikauka ni sentimita 2.5. Boya (valvu inayojifungua maji yakishuka) linalolishwa na ndoo ya lita 20 limemaliza tabu hiyo. Usiliunganishe moja kwa moja na mfereji, kwa sababu ya klorini, na kwa sababu boya likikwama ndoo humwaga lita 20 tu, mfereji haukomi.

Ninachokilalamikia bado ni kwamba kisichoonekana husahaulika. Soksi ya chujio, yaani mfuko wa kitambaa unaonasa uchafu, huziba siku ya tano, maji yakapita juu yake machafu. Tena stoo isiyo na dirisha hushika ukungu ukutani. Mimi nimefungua matundu mawili ya hewa juu ya mlango. Kama nyuma ya ukuta wako hakuna chumba chenye shimo la maji sakafuni, weka sampu kabatini chini ya tangi.